Jicho Nyuma ya Kioo cha Mbele

Nyinyi vijana wa gereji mna tabia moja inayonichekesha. Gari ikiingia na taa ya manjano kwenye dashibodi, kabla hamjaitazama vizuri mnakimbilia kompyuta. Mnachomeka waya, mnasoma, kisha mnatazamana. Kompyuta inasema kamera ya mbele imezibwa. Imezibwa na nini? Hapo kompyuta inanyamaza. Na hapo ndipo mnaponipigia simu mie bibi yenu huku Mpendae. Naweka pembeni ungo wangu wa mchele, nakaa kitako vizuri, nawaambia, "Haya, nielezeni." Siwafichi, nafurahi sana.

Kwa asiyenijua, jina langu Thuwaiba. Nimefunga vioo vya gari kisiwa hiki tangu mwaka wa thamanini na tano mpaka magoti yalipokataa kupanda juu ya boneti. Nimefunga vioo vya mabasi ya serikali, vya malori ya mchanga, vya teksi, vya gari za maharusi na za mahoteli. Watu wakiniita Bi Vioo, na mie nikiitika "Naam" bila ya kuona haya. Ikiwa umepita barabara ya Bububu miaka ile na mvua ya masika inapiga, na mapajani kwako hapakudondoka hata tone moja, basi kuna uwezekano mkubwa kioo kile nilikifunga mie.

Lakini mmeniomba niwaeleze habari za kamera, kwa hiyo nitaanza na gari ya Makame.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili. Gereji yetu ilikuwa Bububu, kando ya barabara kuu. Asubuhi moja ikaingia gari nyeupe ya Kijapani, inang'aa, na dereva wake akashuka kwa upole kama mtu aliyemleta mgonjwa. Kijana wa Kitumbatu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba, mwanangu. Kioo kimepasuka?"

"Hakijapasuka. Kioo kizima. Gari ndiyo haioni."

Nikamtazama vizuri nijue kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Akanifungulia mlango, akanionyesha juu, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Palikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki, na ndani yake macho mawili ya duara yametazama barabarani kama macho ya bundi. Gari nyingi za siku zile zilikuwa hazina kitu kile. Mie nilikuwa nimekisikia tu, sijakitia mkononi.

Makame alikuwa dereva wa hoteli moja ya Kiwengwa. Kazi yake kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Akanieleza kuwa zile ni kamera. Gari ikianza kuacha mstari wake, inapiga mlio. Kitu kikiwa mbele karibu na dereva hajakanyaga breki, gari inakanyaga yenyewe. Sasa kwa muda mrefu imekuwa ikiwasha taa ya manjano yenye maandishi ya Kijapani. Alimwomba mgeni mmoja wa kutoka huko amsomee. Mgeni akasoma, akacheka, akamwambia kwa ishara, akijiziba macho kwa viganja: haioni mbele.

"Umeipeleka kwa nani kabla yangu?"

"Gereji moja ya mjini. Wamesema watakata waya tu, taa izime. Bi Zakia kashakubali."

Bi Zakia ndiye aliyekuwa na hoteli ile. Makame akateremsha sauti. "Tena anafikiri mie nimeigonga mahali nikaficha. Anasema gari ilikuja nzima, imeharibikia mkononi mwangu. Lakini wallahi sijaigonga, Bi Thuwaiba. Hata jiwe sijaligonga."

"Wakikata waya, taa itazima?"

"Itazima."

"Na gari itaona?"

Akatikisa kichwa.

"Basi hapo hakuna kilichotengenezwa, mwanangu. Iache hapa mpaka alasiri."

Sasa lazima niwaambie nilipata wapi jeuri ya kusema maneno yale mbele ya mashine nisiyoijua. Jeuri ile ilitoka kwa Mzee Vuai.

Mie nilizaliwa Malindi. Babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu zamani, baba yangu akiuza nguo, na mie nilipomaliza skuli nikapata nafasi ya kujifunza kazi katika karakana ya mabasi. Shangazi zangu walilia kama nimefiwa. Mmoja akasema, "Mtoto wa watu, vidole vyake vya kutia hina, leo akavitie girisi?" Baba akatazama chini, kisha akasema, "Mwacheni. Akichoka atarudi." Nadhani mpaka alipofariki alikuwa bado anasubiri nichoke.

Karakana ile walikuwa hawajui wanifanye nini. Wakanipeleka kwa Mzee Vuai, kwa sababu yeye alikuwa hamkatai mtu. Alikuwa Mtumbatu, mfupi, mabega mapana, na ujana wake aliutumia Mkokotoni akitia kalfati kwenye vyombo vya baharini, yaani akiziba nafasi baina ya mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasiingie. Mkuu wa karakana alimchukua kwa hesabu rahisi tu: mtu anayeweza kuzuia bahari isiingie ndani atashindwa vipi na mvua?

Vioo vya siku zile vilikaa ndani ya mpira. Unauvisha mpira kwenye kioo kizima, unapitisha kamba ndani ya mdomo wa mpira kuzunguka pande zote, unapaka maji ya sabuni, mmoja anasukuma kioo kutoka nje na mwengine yuko ndani anavuta kamba polepole. Kamba inapotoka, mdomo wa mpira unageuka na kukumbatia bati. Ukivuta kwa pupa, mpira unachanika. Ukivuta kwa woga, kioo kinakaa upande. Mzee Vuai alikuwa nje, mie ndani. Alikuwa hasemi neno. Anagonga kioo kwa ukucha pale anapotaka nivute, na mie nafuata ukucha wake. Tulifunga vioo vya mabasi mangapi kwa namna ile, sijui. Najua kwamba siku moja aligundua navuta kabla hajagonga, na ninavuta pale pale ambapo angegonga. Akatia mkono mfukoni, akawa anatazama tu. Siku ile nilirudi nyumbani Malindi nikitembea katikati ya njia kama nimeinunua.

Msidhani alikuwa hakosei. Kuna teksi moja ilikuwa ikivuja licha ya kila tulilofanya. Mzee Vuai akachoka, akarudia dawa yake ya vyombo: akapaka sifa kuzunguka mpira wote. Mnaijua sifa? Ni mafuta ya papa, wanayopakia mbao za vyombo. Maji yaliacha kuingia, hilo kweli. Lakini Ijumaa ile teksi ilipambwa maua ikachukua bibi harusi. Jua likapiga, mafuta yakapata moto. Kina mama wakafika karakana na mabuibui yao yanapepea, mbele yao somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, akasema, "Nani kampandisha mtoto wetu kwenye jahazi la papa?" Mzee Vuai akajificha chini ya basi. Nikasikia sauti yake kutoka chini ya basi, "Waulize kama walirowa." Nikawauliza. Wakasema hawakurowa. Ndipo mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, na yule somo akaniachia halua.

Jambo lililonisaidia zaidi kwa Mzee Vuai lilikuwa jengine, na wengine wenu mtaliona la kishamba. Kioo kikiwa na ukungu au doa, kabla hajakiosha alipitisha kidole, akakitia ulimini. Ikiwa chumvi, gari inalala pwani, usiisugue na kitambaa kikavu kwa sababu chembe za chumvi zinachora kioo. Imwagie maji kwanza. Ikiwa chokaa, ni vumbi la barabara ya mawe, nalo linataka siki kidogo. Ikiwa utamu, gari inalala chini ya mti unaodondosha maji yake, na hapo maji moto. Akisema, "Kioo kinakwambia kilikolala." Mwanzo nilikuwa nikichukia. Baadaye ikawa siwezi kugusa kioo bila ya ulimi kuuliza.

Haya, turudi kwa gari ya Makame.

Nikaanza nje. Juu ya kioo, upana wote, hoteli ilikuwa imebandika karatasi ya plastiki ya buluu yenye jina lake kwa herufi kubwa. Nzuri kwa macho, lakini ukingo wake wa chini ulikuwa umekata nusu ya jicho moja la kamera. Kando yake stika ya bima, na chini yake stika ya zamani ambayo hakuna aliyeibandua. Nikazilowesha kwa maji moto, nikazivuta polepole kwa kidole. Wembe sikuutumia, wembe unaacha mikwaruzo usiyoiona wewe lakini kamera inaiona. Halafu nikapitisha kidole nikaonja: chumvi tupu. Gari inalala ufukweni, upepo wa kusi unaipiga. Nikaimwagia maji, nikaifuta kwa pamba laini, nikawasha injini. Taa ya manjano ikazima.

Makame alirudi alasiri, akaona dashibodi haina taa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaondoka anapiga honi mpaka anapotea.

Haikuchukua muda akarudi. Safari hii hakupiga honi.

"Imewaka tena," akasema.

Nikatazama. Nje kioo safi kabisa. Nikawasha gari pale gereji, saa sita ya mchana: hakuna taa. Tukazunguka nayo hadi Beit el Ras na kurudi: hakuna taa. Makame akataka kulia. "Ikifika kwako inatulia. Nikiipeleka mbele ya Bi Zakia inawaka. Ataamini vipi kama simdanganyi?"

Simu yangu ikalia wakati ule ule. Alikuwa Bi Zakia mwenyewe. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Bi Thuwaiba, mie sina ugomvi na wewe. Lakini nna wageni nnaowategemea wiki hii, na siwezi kuwapandisha kwenye gari inayowaka taa kama nyumba ya harusi. Nshazungumza na dereva mwengine. Makame atapumzika, na ile gereji ya mjini wataukata waya, yaishe."

"Nipe kesho asubuhi," nikamwambia. "Nakuja mwenyewe huko kwako, ndani ya gari hiyo hiyo."

"Haya. Kesho asubuhi."

Makame alikuwa ameisikia simu yote. Alikuwa na mke na watoto wadogo Mkokotoni, na ile ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Alisema tu, "Mie naipenda gari ile, Bi Thuwaiba." Nikamwelewa. Na mie nshapenda gari nyingi za watu.

Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo, na ambalo kompyuta yoyote isingemuuliza. "Inawaka wakati gani?"

"Wakati wowote."

"Hakuna kitu kinachofanyika wakati wowote. Ukiwa unakwenda wapi?"

Akafikiri. Akasema pengine asubuhi akiwa na wageni wapya, pengine jioni akienda mjini. Hakuwa na hakika.

Asubuhi yake, baada ya kupata chai, akanipitia Mpendae. Nilikaa mbele, begi langu la vitambaa mapajani. Tukapita Bububu, tukapita Mahonda na mashamba yake ya miwa, na dashibodi imetulia kabisa. Makame anaitazama kila dakika kuliko barabara, mpaka nikamwambia, "Tazama mbele wewe, hii kazi yangu." Tukafika Kinyasini, tukakata kulia kuelekea Kiwengwa. Barabara ikanyooka mashariki, jua la asubuhi likatuingia usoni.

Taa ikawaka.

"Hiyo! Hiyo!" Makame akapiga kelele.

"Simama kando. Usizime gari. Usiigeuze hata kidogo."

Nikainua kichwa mpaka shavu langu likagusa kioo, nikatazama kwa upande, kutoka ndani. Na nikaiona. Pale juu, mbele ya macho yale mawili, kwa ndani, palikuwa na utando. Ukitazama mchana gereji, jua liko juu, huoni kitu. Lakini jua lilipokuja usoni moja kwa moja, utando ule ukawaka mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Ndiyo maana asubuhi akitoka mjini na wageni, na jioni akielekea mjini, taa inawaka: mara zote mbili jua liko mbele yake. Gereji zote zilikuwa zikiitazama mchana, kivulini. Na mie pamoja nao.

Ule uchafu ulikuwa ndani ya kioo, si nje. Nikafungua kifuniko cha plastiki kwa kidole, taratibu, kamera yenyewe sikuigusa. Nikapitisha ncha ya kidole kwenye kioo. Ulinata. Nikakitia ulimini: uchungu mbele, utamu nyuma. Kisha nikakinusa.

Nikamgeukia Makame. "Nani anafukiza udi ndani ya gari hii?"

Akashangaa kama nimemuuliza nani kamzaa. "Mie. Kila asubuhi. Bi Zakia ndiye aliyeniagiza. Anataka mgeni akifungua mlango apate harufu ya kwetu. Naweka chetezo chini, nafunga milango na vioo, naiacha ifuke vizuri, kisha ndo nakwenda uwanjani."

"Udi gani?"

"Wa kupika. Anaupika mwenyewe, na sukari na marashi."

Mnaona? Moshi hupanda. Ndani ya gari iliyofungwa hauna pa kwenda ila juu, na juu pana kifuniko cha kamera chenye upenyo. Unaingia mle, unakutana na kioo chenye ubaridi wa asubuhi, sukari na mafuta yake yanaganda, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka yale macho ya bundi yanatazama dunia kupitia pazia. Hakuna aliyeharibu kitu. Watu wawili walikuwa wakimkarimu mgeni kwa moyo wao wote, na gari inapofuka macho.

Makame akashika usukani kwa mikono miwili. "Basi kweli ni mie."

"Ulifanya ulichoambiwa, na ulikifanya vizuri kuliko ilivyotakiwa. Endesha. Lakini kwanza usinifutie ule utando. Nautaka."

Tulipofika hotelini, Bi Zakia alikuwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa, mtandio mweupe, mwanamke wa makamo yangu. Kando yake alisimama mwanamme mmoja kimya, na nikamjua mara moja kuwa ndiye dereva mpya. Makame naye alimjua. Akasimama mbali, nyuma ya gari.

"Shikamooni," akasema yule dereva mpya.

"Marahaba. Bi Zakia, nakuomba uje ukae hapa nilipokaa mie."

Akaja bila ya kuuliza. Nikamwambia Makame aigeuze gari itazame baharini, jua liwe mbele. Nikamwonyesha Bi Zakia pa kuinua kichwa. Alikaa vile kwa muda, shingo imepinda. Kisha akatia kidole chake mwenyewe, akakinusa. Nikaona uso wake unabadilika.

"Huu udi wangu," akasema.

"Ndiyo."

"Mapishi ya mama yangu haya." Akakitazama kidole. "Nilifikiri... kila mgeni anayeshuka anasema gari hii inanukia. Nilikuwa najivunia."

"Na ujivunie. Unanukia kweli. Lakini gari hii macho yake yako juu, pale moshi unapokwenda."

Nilijua kuna namna nyingi mtu mwenye mali anaweza kulipokea jambo kama lile. Wengine wangesema dereva kafukiza kupita kiasi. Wengine wangesema fundi katunga. Bi Zakia alishuka kwenye gari, akazunguka mpaka nyuma alikosimama Makame, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Makame, nilikudhania vibaya, na nilikusema mbele ya watu. Mbele ya watu hawa hawa nakuomba radhi."

Makame akatazama mchanga. "Yamekwisha, Bi."

Yule dereva mpya, Mungu ampe kheri, akacheka, akasema, "Basi mie naomba chai nirudi kwetu." Bi Zakia akamwambia akae, hoteli ilikuwa na gari nyengine na haikuwa na mtu wa kuiendesha. Wote wawili walibaki pale, na mpaka nilipostaafu walikuwa marafiki.

Sasa sikilizeni nilivyoisafisha, kwa sababu nyinyi mnapenda kupuliza dawa. Usipulize kitu karibu na kamera, hata maji. Nilichukua pamba laini, nikaitia spiriti kidogo, nikaikamua mpaka ikawa na unyevu tu. Nikaipitisha kwenye kioo upande mmoja, kutoka juu kwenda chini, nikatupa pamba, nikachukua nyengine. Usizungushe, ukizungusha unautawanya utando badala ya kuuondoa. Pamba ya kwanza ilitoka ya manjano kama chai ya maziwa. Nikaendelea mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha kitambaa kikavu kisicho na manyoya, na ngoja kioo kikauke kabla ya kurudisha kifuniko, la sivyo unafungia mvuke ndani na kesho una ukungu. Na kamera yenyewe msiilegeze kamwe kama hamna vifaa vya kuipima. Ikisogea unene wa unywele, itaangalia mti na kudhani ni barabara.

Tuliirudisha gari barabarani, tukaenda mpaka karibu na Kinyasini, tukageuza, jua lote usoni. Dashibodi imetulia. Makame akaipeleka makusudi kwenye ukingo wa mstari, gari ikapiga mlio, ti-ti-ti. Akairudisha. Akaipeleka tena. Ti-ti-ti. Alikuwa akicheka kama mtoto mwenye kinanda. Mie nimekaa kando yake, vidole vinanuka udi, na nikamkumbuka Mzee Vuai, aliyekuwa ameshafariki zamani. Kamera asingeijua. Lakini ule utando angeutambua mara moja kwa ulimi wake.

Bi Zakia aliendelea kupika udi wake. Akauweka kwenye baraza ya mapokezi, na ndani ya gari Makame akawa anatundika vikuba vya asumini, maua yaliyotungwa pamoja, ambavyo havitoi moshi. Kisha akawaambia wenye mahoteli wenzake wa pwani ile, nao wakawa wanawaleta madereva wao gerejini. Nikawasimamisha kwenye mstari, wanaume watu wazima, nikawafundisha kuonja kioo. Kuna aliyekataa kutia kidole mdomoni. Nikamwambia basi asogee nyuma awaache wenye njaa. Wakacheka, akatia. Kioo chake kilikuwa na chokaa.

Ndiyo mambo hayo. Mmenifanya niseme mengi. Nimeona vioo vya mpira vikiondoka na vya gundi vikija. Nimemwona Mzee Vuai, na uzee wake wote, akijifunza pamoja na mie kukata gundi kwa waya wa gita kuukuu, kwa sababu vifaa vyenyewe vilikuwa havijafika. Kisha zikaja kamera, na sasa mnaniambia kuna gari zenye macho pande zote. Haya, na yaje. Kila jicho liko nyuma ya kitu, na kitu hicho huchafuka, na uchafu una asili yake. Mtu anayeuliza gari imelala wapi, imeelekea wapi, na nani kafanya nini ndani yake, hatakosa kazi.

Nawaachia moja la mwisho, ambalo silisimulii sana.

Miezi baada ya kazi ile, asubuhi moja niko gerejini nina kioo cha lori mikononi, simu ikalia. Makame. Nikamkabidhi mwenzangu kioo, nikaipokea. Nikasikia anahema.

"Bi Thuwaiba. Imesimama."

"Nini kimesimama? Gari imeharibika?"

"Imesimama yenyewe. Nipo huku njia ya Kiwengwa, jua lote machoni. Mzee mmoja na baiskeli kapakia majani ya ng'ombe mpaka hayaonekani magurudumu, kakata barabara mbele yangu. Sikumwona. Wallahi sikumwona. Mguu wangu ulikuwa bado juu. Gari ndiyo iliyomwona."

Nikatafuta pa kukaa. Nikakaa juu ya tairi. "Mzee je?"

"Kashituka, kaangukia majani yake. Mzima. Hana hata mkwaruzo. Bi Thuwaiba, ananitukana hapa. Sikiliza!"

Akakinyoosha kile kisimu, na kutoka upande wa pili, kwa mbali lakini wazi kabisa, nikasikia sauti ya mzee aliye hai, mwenye mapafu mazuri, akimtukana Makame, akamtukana na aliyemfundisha kuendesha, akaitukana gari, akawatukana Wajapani, kisha akapumua na kuanza upya.

Wenzangu gerejini wakaniuliza kuna nini. Nikawanyamazisha kwa mkono, nikaikandamiza simu sikioni, nikasikiliza matusi yale mpaka neno la mwisho.